Kanisa na ukeketaji Meru: Amri zimekuwepo tangu zamani, dhamiri je?

KILA shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, makanisa mengi katika eneo la Meru huwa na shughuli ya ziada. Wavulana waliofikia umri wa kutahiriwa huandikishwa, hupashwa tohara na wahudumu wa afya, kisha hukaa pamoja kwa siku kadhaa wakifunzwa dini, adabu, usafi wa mwili na hatari za ulevi na Ukimwi. Mwishowe hurejeshwa kwa wazazi wao kwa nyimbo na shangwe, na mhubiri huwaombea mbele ya waumini wote.

Habari za dada zao hazisikiki. Hakuna tangazo mimbarini wala orodha mlangoni pa kanisa. Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba ambazo wavulana wake wametoka kuombewa, msichana hupelekwa kwa jamaa wa mbali, au ngariba huitwa usiku, au mhudumu wa afya hulipwa aje nyumbani akiwa na ganzi na wembe safi. Jumapili inayofuata familia hiyo huketi katika benchi lake la kawaida.

Huu ndio mkinzano unaostahili kuchambuliwa. Mji wa Nkubu, ulio kando ya barabara kuu inayotoka Meru kwenda Embu, ni mji wa makanisa. Hospitali yake inayojulikana zaidi, ya Consolata, ni zao la wamisionari Wakatoliki. Wamethodisti walianza kazi Kaaga, karibu na mji wa Meru, mwaka wa 1912, nao Waskoti wakafungua misheni ya Chogoria mwaka wa 1922. Injili imehubiriwa katika miteremko hii ya Mlima Kenya kwa zaidi ya karne moja.

Iweje basi suala la kimaadili ambalo baadhi ya makanisa hayo yalilipiga marufuku takriban miaka mia moja iliyopita liwe bado halijamalizika?

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba hatua kubwa imepigwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka wa 1998 ulipata kuwa asilimia 38 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka wa 2003 kiwango hicho kilikuwa asilimia 32, mwaka wa 2008-09 asilimia 27, mwaka wa 2014 asilimia 21, na mwaka wa 2022 asilimia 15.

Lakini takwimu hizo hizo zina jambo ambalo linapaswa kuwakosesha viongozi wa dini usingizi. Katika utafiti wa 2014, takriban wanawake watatu kati ya kila kumi wa jamii za Wameru na Waembu walisema wamekeketwa. Nao wanawake Wakristo wa Kenya nzima, Wakatoliki na Waprotestanti, walikuwa wamekeketwa kwa kiwango cha karibu mmoja kati ya watano, yaani sawa sawia na taifa zima.

Kwa maneno mengine, ubatizo pekee haukumlinda msichana. Kilichomlinda zaidi ni mahali alipozaliwa na kabila la wazazi wake.

Kosa la mwaka wa 1929

Ili kuelewa hali hii, hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka wa 1929 Kanisa la Scotland, likiongozwa na Dkt John Arthur katika misheni ya Kikuyu, liliwataka waumini wake watie saini au alama ya kidole gumba kuapa kwamba wameachana na tohara ya wasichana na pia na chama cha Kikuyu Central Association. Aliyekataa alitengwa na kanisa, na watoto wake wakawa hatarini kukosa nafasi shuleni.

Huko Chogoria, Dkt Archibald Irvine alichukua msimamo uo huo, na waumini wengi wakaihama misheni. Katika nchi ya Wakikuyu zilizuka shule za kujitegemea, na baadaye makanisa huru ambayo yapo hadi leo katika eneo lote la Mlima Kenya. Januari 1930 mmisionari Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa Kijabe wakati joto la mgogoro huo lilikuwa juu. Kanisa Katoliki kwa upande wake halikulifanya suala hilo kuwa sharti la kupokea sakramenti.

Ni rahisi leo kuona kwamba madaktari wale Waskoti walisema kweli kuhusu madhara. Walikuwa wakiwahudumia wanawake waliovuja damu na waliopata taabu wakati wa kujifungua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka wa 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulithibitisha kuwa aliyekeketwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu, kufanyiwa upasuaji na kumpoteza mtoto wakati wa uzazi.

Kosa lao halikuwa katika hoja ya afya. Lilikuwa katika kuunganisha mambo matatu yasiyofanana: mwili wa msichana, utiifu kwa kanisa la kigeni na utiifu kwa serikali iliyokuwa imetwaa ardhi ya watu. Mzazi aliyeambiwa akane tohara na chama chake cha siasa kwa kiapo kimoja, alikuwa na haki ya kushuku kwamba anayemhubiria hamtetei binti yake.

Isitoshe, waliotoka kanisani hawakuiacha Biblia. Walitoka nayo. Walisoma habari za Abrahamu na agano la tohara, wakauliza ni wapi Mungu alipowakataza. Walionyesha kwamba hata neno lililotumiwa katika Biblia ya Kikikuyu kumwelezea Bikira Maria, muirĩtu, lilimaanisha msichana aliyekwisha kupitia tohara. Mwaka wa 1938 Jomo Kenyatta aliitetea mila hiyo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, na hoja yake ikawa kwamba tohara ndiyo nguzo ya malezi na umoja wa kabila.

Hivyo pande zote mbili zilikuwa na imani na zote zilikuwa na maandiko. Kilichokosekana ni mazungumzo ya kweli kati ya maandiko, elimu ya tiba na watu wenyewe waliohusika, hasa wanawake. Wanaume wa kanisa walibishana na wanaume wa kabila juu ya miili ya wasichana ambao hawakuulizwa neno.

Tiba iliyozaa ugonjwa mwingine

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na dhamira zake, na hapa kuna funzo ambalo wachache hulikumbuka. Katika mila ya Wameru, msichana kushika mimba kabla ya kutahiriwa lilikuwa jambo la mwiko. Mimba kama hizo zilitolewa kwa njia zilizohatarisha maisha ya msichana.

Maofisa wa wilaya, wakiwa na nia ya kukomesha utoaji mimba, waliona njia ya mkato: wasichana watahiriwe mapema, kabla ya kubaleghe, ili mwiko usipate nafasi. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 machifu walisimamia kutahiriwa kwa wasichana wadogo kwa wingi, kwa amri, bila ya mafunzo wala sherehe zilizokuwa zimeipa mila ile maana yake.

Ovu moja lilipigwa vita kwa kutumia ovu lingine. Aidha, umri wa kukatwa ulishuka kutoka kwa mwanamwali aliyekaribia kuolewa hadi kwa mtoto. Wanaodhani kwamba kila suala gumu la maadili lina jibu moja la haraka wanapaswa kulikumbuka tukio hilo.

Kisha likaja jambo la mwaka wa 1956. Mwezi wa Aprili, katikati ya Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipitisha kwa kauli moja amri ya kupiga marufuku tohara ya wasichana kote Meru. Kwa macho ya ofisi ya mkuu wa wilaya huo ulikuwa ushindi mkubwa: wazee wa mila wenyewe wamekataa mila.

Wasichana walijibu kwa neno moja la Kimeru: Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani na kukatana wao kwa wao. Mwanahistoria Lynn Thomas, ambaye alizungumza na wengi wa wanawake hao walipokuwa wazee na kuchapisha kitabu chake Politics of the Womb mwaka wa 2003, ameonyesha kuwa katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana, wazazi wao na ngariba, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Wengi walitozwa faini. Hatimaye amri ikafifia.

Hakuna aliyewalazimisha wasichana hao kwa mikono. Waliogopa kubaki nkenye, watoto wasiotambuliwa kuwa wanawake, wasioweza kuolewa wala kuheshimiwa. Amri ya wazee iliondoa wembe wa ngariba lakini iliiacha aibu ilivyokuwa. Na aibu ndiyo iliyokuwa ikikata tangu mwanzo.

Mafunzo bila wembe

Ilichukua miaka 40 kwa mtu kuigusa aibu hiyo moja kwa moja. Mwaka wa 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, ambayo sasa ni sehemu ya Kaunti ya Tharaka-Nithi, kina mama wa kijiji wakisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH walianzisha sherehe iliyopewa jina la Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno.

Wasichana wapatao 30 walikaa faraghani, wakafunzwa na wanawake wazima mambo ya mwili, ndoa, heshima na haki zao, kisha wakatolewa hadharani kwa ngoma, zawadi na baraka za wazazi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa wembe. Mpango huo ulienea Meru, Narok, Kisii na kwingineko, na makanisa kadhaa yakaanzisha yao.

Tofauti kati ya 1956 na 1996 ni kubwa. Amri ya kwanza ilimwambia msichana asifanye nini. Sherehe ya pili ilimpa jina jipya mbele ya watu walewale ambao maoni yao aliyaogopa. Baba alisimama akatamka kwamba binti yake amekomaa. Baada ya tamko hilo jirani hakuwa na la kusema.

Kwa Mkristo, hili halipaswi kuwa geni. Suala la tohara lilikuwa ugomvi mkubwa wa kwanza wa kanisa lenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 15, kinaeleza jinsi mitume na wazee walivyokutana Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa mengine walazimishwe kutahiriwa ndipo wahesabiwe kuwa wa Mungu. Walisikiliza ushahidi, wakajadiliana, wakaamua kutowatwika waongofu mzigo huo.

Ni kweli kwamba suala lao lilihusu wanaume na agano la Abrahamu. Hata hivyo, kanuni waliyoiacha ni pana: hakuna alama ya kisu inayomfanya mtu kuwa kamili mbele ya Mungu. Kama ni hivyo kwa mwanamume ambaye tohara yake imeandikwa katika Maandiko, itakuwaje kwa msichana ambaye tohara yake haikutajwa popote?

Hoja hiyo ina nguvu kuliko vitisho vya 1929 kwa sababu inatoka ndani ya imani yenyewe. Haimwombi mzazi aukane Umeru wake ndipo awe Mkristo. Inamwonyesha kwamba anachokitafuta katika wembe, yaani ukamilifu na heshima ya binti yake, tayari amekwisha kupewa.

Sheria na uhuru wa mtu mzima

Tangu hapo serikali nayo imeimarisha mkono wake. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 iliwalinda wasichana walio chini ya miaka 18. Katiba ya 2010 ilimpa kila mtoto ulinzi dhidi ya mila zenye madhara, na pia ikakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kufuata desturi fulani. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka wa 2011 ikaweka kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua Sh200,000, au adhabu zote mbili. Ikiwa msichana atakufa, mkosaji anaweza kufungwa maisha. Hata kumdhihaki mwanamke ambaye hakukeketwa ni kosa.

Mwaka wa 2017 daktari Tatu Kamau alikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo. Alidai kwamba mwanamke mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua juu ya mwili wake na kufuata mila ya wazazi wake, na kwamba neno ukeketaji lenyewe ni tusi la kigeni. Tarehe 17 Machi 2021 majaji watatu walilitupilia mbali ombi lake, wakisema kwamba madhara yamethibitishwa na kwamba hiari inayotolewa chini ya shinikizo la jamii haiwezi kuhesabiwa kuwa hiari kamili.

Wapo Wakristo walioshangilia uamuzi huo bila ya kuitafakari hoja ya Dkt Kamau. Si vyema. Yeye aliuliza swali lile lile ambalo wasichana wa Ngaitana waliliuliza kwa nyembe zao: mwili huu ni wa nani? Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa, na kauli hiyo ina uzito kwa watu waliotawaliwa.

Jibu la mahakama lilikuwa la kisheria. Jibu la imani linapaswa kwenda mbali zaidi. Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho, hamkabidhi mchungaji mwili wa mwanamke, wala mume, wala ukoo, wala serikali. Anamkumbusha mwenye mwili thamani yake. Kanisa likilihubiri fundisho hilo kwa ajili ya kukemea uzinzi pekee na kulisahau wembe unapotajwa, litakuwa limelisoma nusu.

Mtihani mgumu wa leo

Sheria imebadilisha namna kosa linavyotendwa. Katika utafiti wa 2014, karibu msichana mmoja kati ya watano wenye umri wa chini ya miaka 15 waliokuwa wamekeketwa alikuwa amefanyiwa hivyo na mhudumu wa afya. Wazazi waliosikia mahubiri kuhusu kuvuja damu na maambukizi walitoa jibu la kisasa: tumtafute muuguzi.

Hapa ndipo hoja ya afya inapoonyesha kikomo chake. Kwa miaka mingi makanisa na mashirika yalisema tohara ya wasichana ni mbaya kwa sababu ina hatari. Mzazi akapunguza hatari, akadhani amemaliza lawama. Lau tangu mwanzo angeambiwa kwamba ni dhuluma kumkata mtoto kiungo chenye afya ili akubalike, ganzi isingekuwa na cha kutetea.

Muuguzi huyo mara nyingi ni Mkristo. Yumkini alisoma katika chuo cha misheni. Hospitali za kanisa zina kanuni kali kuhusu kutoa mimba na mfanyakazi huijua siku ya kwanza anapoajiriwa. Inafaa kuuliza kama ukeketaji unaofanywa na mfanyakazi nje ya saa za kazi umewekewa kanuni iliyo wazi kiasi hicho, na kama unatajwa katika mafunzo ya wauguzi kwa sauti iyo hiyo.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi. Sheria ya 2011 inamtaka mtu yeyote anayejua kwamba msichana amekeketwa, au anakaribia kukeketwa, aripoti kwa maofisa wa usalama. Asiporipoti, ametenda kosa.

Chukua mfano wa mama wa Imenti Kusini anayemwendea mzee wa kanisa na kumwambia kwamba mama mkwe wake anapanga kumkata mjukuu. Amekuja kutafuta msaada. Mzee akienda polisi, huenda nyanya akafungwa, ndoa ikavunjika, na msichana akachukiwa na ukoo mzima kuwa ndiye aliyewaletea balaa. Akinyamaza, mtoto atakatwa.

Kwa padri aliyeyasikia mambo hayo katika kitubio, sheria ya Kanisa Katoliki haina mlango: hawezi kuifichua siri ya maungamo kwa sababu yoyote ile. Lakini hata yeye ana la kufanya. Anaweza kumnyima ondoleo mwenye kupanga dhambi ambayo hajaiacha, na anaweza kumsihi atoke akazungumze naye nje ya kitubio, mahali ambapo msaada unaweza kuitwa.

Kwa mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kina mama au mwalimu wa Shule ya Jumapili, hakuna siri ya namna hiyo. Wapo wanaojificha nyuma ya kauli kwamba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtoto wa miaka kumi hana wakili katika baraza la ukoo, na mtu mzima anayejua na kunyamaza amekwisha kuchagua upande.

Wakati huo huo, kuripoti pekee hakutoshi. Kanisa linalomwita chifu usiku lina wajibu wa kuwa na mlango ulio wazi asubuhi: nyumba ya kumpokea msichana, karo yake, na watu wazima wa kuzungumza na wazazi kwa miezi, ikibidi miaka, hadi aweze kurudi kwao bila hofu. Kumwokoa mtoto na wembe kisha kumwacha bila ukoo ni kumwadhibu kwa kosa la wengine.

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa makanisa ya Nkubu na Meru yote bila kusubiri fedha za wafadhili.

Kwanza, wavulana. Tangu mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, alama ya zamani ya umri wa kutahiriwa, yaani kumaliza darasa la nane, imepotea, na familia nyingi zinaitafuta mpya. Makanisa yamo katika nafasi nzuri ya kuongoza mjadala huo. Na kwa kuwa tayari yanawakalisha wavulana chini kwa siku kadhaa kila Desemba, yasiwafundishe kuhusu ulevi na Ukimwi pekee. Wafunzwe kwamba msichana ambaye hakukatwa ni mke kamili. Kijana akiliamini hilo akiwa na miaka 14, miaka kumi baadaye hakutakuwa na mchumba anayehitaji kuthibitisha lolote kwa damu.

Pili, wasichana wapewe siku yao. Kipaimara na sherehe nyingine za kanisa zinaweza kuunganishwa na mafunzo ya kina ya wanawake wazima, na baba atakiwe kusimama mbele ya kusanyiko ambariki binti yake kwa jina. Gatunga ilionyesha mwaka wa 1996 kwamba jambo hilo linawezekana katika kijiji cha kawaida. Palipo na sherehe ya mvulana na kimya kwa msichana, kimya hicho hujazwa na ngariba.

Tatu, wazee. Njuri Ncheke wamekwisha kutamka tena, katika miaka ya hivi karibuni, kwamba hawaungi mkono ukeketaji. Wengi wa wazee hao ni waumini na baadhi yao wana nyadhifa makanisani. Tamko lao la 1956 lilishindwa kwa sababu lilitolewa na wanaume kwa niaba ya mkoloni bila wanawake kuhusishwa. Safari hii waketi pamoja na nyanya, ambao ndio wenye sauti ya mwisho katika nyumba nyingi, na mazungumzo hayo yafanyike kwa Kimeru, katika boma, bila kamera.

Msomaji anaweza kusema kwamba kiwango kinashuka hata hivyo, na kwamba elimu na miji vitalimaliza suala hili vyenyewe. Huenda. Lakini kiwango ni hesabu ya wengi, nayo imani hudai kumjali mmoja aliyepotea kabla ya kuwahesabu tisini na tisa waliosalama.

Tena, ukeketaji ni somo la kwanza tu. Maswali mengine yanabisha hodi: utoaji mimba, uzazi wa kupanga, pesa za miraa na muguka katika kapu la sadaka, na mengine ambayo wajukuu wetu watayaleta. Kwa kila mojawapo kanisa litavutwa ama kwenye kiapo cha 1929 ama kwenye ukimya unaokwepa kelele. Njia zote mbili zimejaribiwa katika miteremko hii, na wasichana ndio walioilipia gharama yake.